Nani Ana Ruhusa ya Kumtania Nani?

Tuseme mchekeshaji Mchaga amepanda jukwaani Dar es Salaam. Anaeleza jinsi baba yake alivyoondoka msibani katikati ya mazishi ili awahi kufungua duka, na ukumbi unaangua kicheko, Wachaga wakiwa mbele. Wiki inayofuata mchekeshaji wa kabila jingine anausimulia mzaha uleule, karibu neno kwa neno. Wengi wanacheka, lakini meza moja imenuna, na kesho yake watu wanarushiana maneno mitandaoni.

Hapo ndipo linapoibuka swali ambalo nadhani kila msomaji amewahi kulisikia: mbona yeye akisema ni kichekesho, mimi nikisema ni ukabila? Nairobi na Kampala nako linaulizwa. Marekani wanaliuliza kuhusu rangi, Uingereza kuhusu wahamiaji. Kuna anayeliuliza kwa uchungu, akihisi amenyimwa haki ambayo mwenzake anayo, na kuna anayetaka kuelewa tu. Wote wawili wanastahili jibu la maana.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba kila mtu awacheke watu wake. Jibu hilo halitoshi. Katika sura hii tutakutana na wachekeshaji watatu wakubwa wa Marekani, watu weusi waliochekesha kuhusu weusi wenzao, na kila mmoja kwa wakati wake akafika mahali akasema hili sitalifanya tena. Walikuwa wakiwacheka watu wao, na bado kuna kitu kiliharibika. Tukikielewa kitu hicho, swali la Mchaga na jirani yake nalo litakuwa na jibu.

Maneno manne ya kuanzia

Uchekeshaji wa jukwaani ni ule wa mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, bila waigizaji wenzake na bila mavazi ya kuigiza. Anazungumza na watu moja kwa moja kana kwamba wamekaa barazani.

Onyesho maalumu ni saa nzima hivi ya uchekeshaji wa namna hiyo, iliyoandaliwa kwa miezi, ikajaribiwa kwenye kumbi ndogo, kisha ikarekodiwa mbele ya watu na kuuzwa kwa televisheni, sinema au huduma za intaneti kama Netflix. Huwa na mwanzo, safari na mwisho. Mchekeshaji anayejiheshimu hulichukulia kama mwandishi anavyokichukulia kitabu.

Tashtiti ni kicheko chenye shabaha. Mwenye tashtiti hutumia mzaha kuonyesha uovu au upumbavu wa jamii, hasa wa wenye nguvu.

Sifa ya kubandikwa ndivyo nitakavyoita tabia moja wanayopachikwa watu wa kabila zima, dini nzima au jinsia nzima. Mchaga na pesa, Mhaya na majivuno, Mluo na mavazi ya gharama, Mmeru na hasira. Sifa hizi humrahisishia mchekeshaji kazi, kwa kuwa ukumbi unazijua kabla hajafungua mdomo.

Utani una deni

Sisi wa Afrika Mashariki hatukungoja Netflix itufundishe kucheka tofauti zetu. Tanzania ina utani wa makabila. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, Wachaga na Wapare ni watani, na Wangoni wana watani hata miongoni mwa makabila waliyopigana nayo karne ya 19. Wazee hueleza kuwa utani mwingine ulianza vitani, pale waliochoka kuuana walipoamua kutukanana badala ya kuchomana mikuki, na mwingine ulianza njiani, wakati misafara ya wapagazi ilipopita katika nchi za watu ikielekea pwani. Ndani ya familia pia upo. Babu humwita mjukuu wake mke wangu, mabinamu husemana bila kuogopana.

Anayeutazama kwa mbali hudhani utani ni ruhusa ya kusema chochote. Sivyo ulivyo. Mtani anayekuita mchoyo leo ndiye atakayekuja kwenye msiba wako kesho. Atachimba kaburi, atabeba maji, atakoka moto, na katikati ya kilio atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea mpaka wafiwa wacheke huku machozi yakiwatoka. Sehemu nyingine hushuka kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Hakuna anayekasirika. Anayetania ana wajibu wa kuzika.

Na wewe unayetaniwa una zamu yako. Akikuita mchoyo, unamwita mshamba, naye hana haki ya kununa. Akinuna, watu wanamcheka yeye.

Kwa hiyo utani unasimama juu ya mambo mawili: anayetania anadaiwa kitu na anayetaniwa, na anayetaniwa anaweza kujibu. Yakikosekana yote mawili, maneno yaleyale yanageuka matusi. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu kamera inapoingia ukumbini ndilo jambo la kwanza kuvurugika. Wenye deni wamekaa viti vya mbele, lakini kicheko kinasafiri hadi kwa watu ambao hawatakuja kuzika mtu yeyote.

Mtu aliyeacha neno lake Kenya

Kwa vizazi vingi mchekeshaji mweusi wa Marekani alifanya kazi hasa mbele ya weusi wenzake. Milango ilianza kufunguka taratibu. Januari 1961, Dick Gregory alialikwa kwenye klabu ya Playboy mjini Chicago, akakuta ukumbi umejaa wafanyabiashara wazungu kutoka majimbo ya Kusini, kule ambako ubaguzi ulikuwa sheria. Aliwachekesha kuhusu ubaguzi wao wenyewe, nao wakaendelea kumsikiliza. Miaka miwili baadaye alikuwa akikamatwa na polisi wa Birmingham katika maandamano ya haki za raia. Gregory alikuwa akilipa deni la utani wake mitaani.

Aliyefuata na kubadilisha kila kitu, na wa kwanza wa wale watatu, ni Richard Pryor. Alizaliwa 1940 mjini Peoria, Illinois, akalelewa na bibi yake aliyekuwa na danguro. Watu aliowajua utotoni walikuwa makahaba, walevi, wacheza kamari na wazee wenye hekima za mtaani, na hao ndio aliowapandisha jukwaani. Hakuwasimulia kwa mbali. Aliwaingia, akachukua sauti zao, pumzi zao, hata woga wao. Onyesho lake lililorekodiwa Long Beach, California, na kutoka kama filamu mwaka 1979, ndilo ambalo wachekeshaji wengi hadi leo hulitaja kama kipimo cha kazi yao.

Pryor alikuwa na neno lake. Ni tusi la Kiingereza ambalo wazungu walilitumia kwa watu weusi tangu enzi za utumwa. Alilitumia bila kuchoka, akaliweka hata kwenye majina ya albamu zake za 1974 na 1976, na zote mbili zikashinda tuzo ya Grammy. Hoja yake ilikuwa kwamba ukilishika tusi mwenyewe na kulisema mara nyingi, unalinyang'anya sumu.

Kisha mwaka 1979 alisafiri kwenda Kenya. Alisimulia safari hiyo katika onyesho lake la mwaka 1982, lililorekodiwa Hollywood. Alikuwa amekaa kwenye mapokezi ya hoteli akitazama watu wakipita, kila mmoja akiendelea na shughuli zake. Akajiuliza kama katika watu wote hao anamwona hata mmoja anayestahili kuitwa kwa neno lile. Hakumwona. Akagundua pia kuwa amekaa Kenya wiki tatu na neno hilo halijamtoka mdomoni. Akaamua kuliacha.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara naguswa na mahali ilipotokea. Kenya ya mwaka huo haikuwa pepo. Ilikuwa na matabaka yake, ukabila wake na matusi yake yenyewe. Lakini kwa Pryor ilikuwa nchi ambayo mtu mweusi hakuwa upande wa pili wa mtu yeyote. Hapo ndipo alipoona kuwa miaka yote hiyo, hata alipolitamka kwa mapenzi, neno lile lilikuwa la polisi na mabwana wa watumwa, na kila alipolisema jukwaani aliwasemea na wao. Wapo mashabiki waliomlaumu, wakisema amepoteza makali. Kwa maoni yangu, dakika hizo chache ndizo jasiri kuliko zote alizowahi kusimama mbele ya watu, na huyu ni mtu ambaye katika onyesho hilohilo alieleza jinsi alivyojichoma moto mwaka 1980 kwa ajili ya kokeini.

Kicheko kilichopotea njia

Wa pili ni Chris Rock. Mwaka 1996 onyesho lake lililorekodiwa Washington na kurushwa na HBO lilimtoa katika hali ya kusahaulika likampa tuzo mbili za Emmy. Sehemu iliyompa sifa kuliko zote ilikuwa ile aliyotofautisha watu weusi wanaojituma na wale aliowaita kwa neno lile ambalo Pryor alikuwa ameliacha. Ukumbini walikuwamo weusi wengi na walicheka sana. Ilikuwa lawama ya nyumbani, ya mtu anayewapenda watu wake na kuudhika nao.

Lakini kanda haikubaki Washington. Ilifika maofisini, mabwenini na baa za wazungu, na huko kukawa na watu walioisimulia upya kwa furaha, kwamba hata Chris Rock amesema. Mwaka 2005 Rock aliuambia umma, katika mahojiano ya televisheni, kuwa hajawahi kuurudia mzaha ule na hana nia ya kuurudia, kwa sababu wabaguzi walidhani wamepewa ruhusa.

Wa tatu ni Dave Chappelle. Mwaka huohuo wa 2005 aliacha kipindi chake cha televisheni katikati ya msimu wa tatu, akauacha na mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 50, akaenda Afrika Kusini. Baadaye alieleza kilichomshtua. Walikuwa wakirekodi igizo lililochezea sifa za kubandikwa za watu weusi, na mzungu mmoja aliyekuwapo akacheka. Alicheka kwa muda mrefu na kwa namna ambayo Chappelle alihisi hailengi ubaguzi, inawalenga watu weusi wenyewe. Kicheko kimoja kikamfanya ajiulize kama anachokifanya ni tashtiti au ni kuwapelekea wabaguzi chakula.

Hapa mambo yanakuwa mazito zaidi, na nisingependa kuyapita haraka. Chappelle huyohuyo alirudi, akawa mchekeshaji wa Netflix anayelipwa kuliko karibu wote. Mwaka 2021 onyesho lake liitwalo The Closer liliwaudhi wengi kwa mizaha kuhusu watu waliobadili jinsia, hadi baadhi ya wafanyakazi wa Netflix wakasusia kazi na kuandamana nje ya ofisi. Yeye alisema shabaha yake haikuwa watu hao, bali wazungu ndani ya harakati zao wanaosikilizwa haraka kuliko weusi walivyowahi kusikilizwa. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wake kuhusu jambo hilo. Mimi naona yafuatayo: mtu aliyeacha mamilioni kwa sababu ya kicheko kimoja kilichowaumiza watu wake, aliposikia wengine wakilalamika kuwa vicheko vya kumbi zake vinawafuata mitaani, alipaswa kuwa wa kwanza kuwaelewa. Alikuwa anaijua hali hiyo kwa jina.

Kwa ufupi: kuwa mwenyeji wa jamii unayoitania kunakupa ujuzi, lakini hakukupi mamlaka juu ya kicheko kikishatoka ukumbini. Pryor, Rock na Chappelle walikuwa na deni kwa watu wao. Wachekaji wengine hawakuwa nalo.

Kumtania usiyemjua

Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, alizaliwa Johannesburg mwaka 1984, mama Mxhosa na baba mzungu wa Uswisi, wakati sheria za Afrika Kusini zilipokataza mapenzi baina ya weusi na wazungu. Kuzaliwa kwake kulikuwa ushahidi wa kosa. Alikua akizungumza lugha nyingi, akijua lini atumie Kizulu na lini Kiafrikana ili asipigwe. Ni vigumu kumpata mtu aliyeandaliwa na maisha yenyewe kuchekesha kuhusu tofauti za watu kuliko huyu, na maonyesho yake mengi yanathibitisha hivyo. Anapoigiza polisi wa ubaguzi, au mama yake Patricia, au mzungu mwema anayejaribu kupita kiasi kuonyesha wema, kila mmoja anapewa akili na sababu zake.

Lakini mwaka 2018 ilizuka video ya onyesho lake la 2013, ndani yake akiwa na mzaha kuhusu sura za wanawake wa Aborijino, wenyeji wa asili wa Australia. Watu wa huko walikasirika, na wito wa kususia ziara yake ukaenea. Noah alijibu kuwa alipotembelea jumba la makumbusho mjini Melbourne na kujifunza historia ya wenyeji hao, aliapa kutorudia mzaha kama ule.

Ukiulinganisha mzaha huo na kazi yake nyingine, kasoro inaonekana bila darubini. Polisi wa Johannesburg aliwajua kwa kuwakimbia. Wanawake wa Aborijino hakuwajua hivyo. Hawakuwa ukumbini, hawakuwa na jukwaa la kumjibu, na hakudaiwa nao chochote. Kipaji kilikuwa kilekile. Alikosa deni na alikosa mtu wa kumjibu.

Kwa hiyo mwenye kipaji kikubwa na historia ya kuonewa anaweza kumwonea mwingine kwa mzaha. Kuumizwa hakumpi mtu macho ya kuona majeraha ya wote. Itabidi ajifunze, kama Noah alivyojifunza.

Kujicheka kunapogeuka mzigo

Kuna wanaosema njia salama ni mchekeshaji kujicheka mwenyewe. Hannah Gadsby wa Tasmania, Australia, alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 10. Ni mtu anayependa wanawake, aliyekulia katika kisiwa ambacho sheria ya kuadhibu mapenzi ya jinsia moja baina ya wanaume ilifutwa mwaka 1997 tu. Onyesho lake Nanette, lililorekodiwa Sydney na kutolewa na Netflix mwaka 2018, linaanza kama mengine. Anasimulia kisa cha mwanamume aliyemkuta kituo cha basi, akamdhania mwanamume anayemtongoza mpenzi wake, akataka kumpiga. Kisa kinaishia kwenye kicheko, watu wanapiga makofi.

Baadaye Gadsby anakirudia kisa hicho na kutoa mwisho aliokuwa ameukata. Mwanamume yule alirudi akampiga, na yeye hakwenda polisi wala hospitali, kwa sababu aliamini anastahili. Kisha anaeleza ufundi ulivyo: mzaha huhitaji mwanzo unaowakaza watu na kilele kinachowalegeza, basi. Mwisho wa kweli hauna nafasi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiikata hadithi yake mahali ambapo watazamaji wanajisikia vizuri. Mtu aliye pembezoni mwa jamii anapojidhalilisha ili asikilizwe, anasema Gadsby, huo si unyenyekevu.

Nanette iligawa watu. Wapo waliosema si uchekeshaji tena. Naona hoja hiyo haina uzito mkubwa. Ukumbi ulicheka kwa nusu saa ya kwanza, na ukimya wa nusu ya pili ulihitaji ufundi uleule. Wachekeshaji wanawake wa kwetu wanaotarajiwa kucheka unene wao, weusi wao au kutoolewa kwao kabla ya kuruhusiwa kusema jingine lolote wataelewa alichokuwa akikisema.

Njia nyingine ni ya Ali Wong, Mmarekani mwenye asili ya China na Vietnam, aliyerekodi onyesho lake la kwanza, Baby Cobra la 2016, akiwa na mimba ya miezi saba, na la pili, la 2018, akiwa mjamzito tena. Anazungumza mwili, ndoa na fedha bila kuomba radhi. Anapoonyesha jinsi baba anavyosifiwa kwa kazi ndogo tu ya mtoto huku mama akilaumiwa kwa kosa dogo kabisa, haombi kuonewa huruma. Anaushika mpangilio mzima wa nyumba na kuugeuza juu chini. Mama yeyote wa Tandale, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, angeyaelewa maneno hayo bila mkalimani.

Kwetu, na tatizo la dakika chache

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa Kenya, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliunda kundi la Redykyulass na kumwigiza Rais Daniel arap Moi akiwa bado madarakani. Kwa miaka mingi kabla ya hapo jambo hilo lingemtia mtu matatani. Mong'are alimuiga Moi sauti, mkono na fimbo, na familia nzima zikakaa mbele ya televisheni kucheka kitu ambacho hazikuthubutu kukisema. Hiyo ilikuwa tashtiti kwa maana yake kamili, yenye shabaha iliyokaa juu. 

Kizazi kilichofuata kilipitia vipindi vya Daniel Ndambuki, anayejulikana kama Churchill. Vipindi hivyo vilizaa majina mengi, na vilifanya jambo ambalo halipaswi kudharauliwa: viliwakutanisha vijana wa makabila yote kwenye jukwaa moja, muda mfupi baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Mwaka 2008 Kenya ilitunga sheria dhidi ya uchochezi wa kikabila. Katika hali hiyo, kumwona Mkikuyu na Mluo wakitupiana maneno kwa mzaha na kukumbatiana ilikuwa nafuu kubwa kwa watu. Nadhani tulihitaji kucheka hivyo.

Lakini angalia kilichozoeleka baadaye, Kenya, Tanzania hata Uganda. Mchekeshaji anapewa dakika chache za televisheni au za jukwaa lenye wasanii wengi. Lazima acheze haraka. Njia ya haraka kuliko zote ni sifa ya kubandikwa: aingie na lafudhi, ataje kabila, ukumbi ucheke, ashuke. Hakuna muda wa kumjenga mtu. Mmeru anabaki miraa na hasira, Msukuma anabaki kushangaa taa za mjini, mwanamke wa Kitanga anabaki mahaba. Mzaha haumsemi mwenye ardhi, mwenye kiwanda, diwani aliyekula fedha za barabara, wala mfumo uliomfanya Msukuma akose shule. Unamsema Msukuma tu.

Huo si ukatili. Ni matokeo ya muda. Pryor alihitaji zaidi ya saa moja ili mlevi wa Peoria awe binadamu. Noah huhitaji robo saa kabla mama yake hajaanza kutuchekesha, kwa kuwa kwanza inabidi tumpende. Saa nzima humlazimisha mchekeshaji amalize sifa za kubandikwa alizonazo na kuanza kutazama watu. Njambi McGrath, mzaliwa wa Kenya anayefanya kazi London, ametumia nafasi hiyo kuwachekesha Waingereza kuhusu ukoloni wao nchini Kenya, mada ambayo haiwezi kukaa ndani ya dakika tano. Loyiso Gola wa Afrika Kusini alifanya vivyo hivyo katika Unlearning ya mwaka 2021, iliyorekodiwa katika jumba la sanaa mjini Cape Town. Netflix ilipokusanya wachekeshaji 47 wa dunia mwaka 2019, waliotoka kusini mwa Sahara wote walikuwa wa Afrika Kusini; wa kwetu hakuwamo.

Unapotazama, uliza

Haya ndiyo ninayojiuliza ninapotazama onyesho linalocheza na tofauti za watu:

- Anayetaniwa yupo ukumbini, au angalau anaweza kujibu mahali ambapo jibu litasikika?
- Mchekeshaji anadaiwa kitu na watu hao? Amekaa nao, amewazika, amekamatwa pamoja nao, au amesikia habari zao tu?
- Ukiondoa jina la kabila, kinabaki chochote cha kuchekesha? Kisipobaki, kilichochekwa ni kabila.
- Baada ya kicheko, aliyeonekana mdogo ni nani, mwenye nguvu au asiye nazo?

Turudi basi kwa Mchaga na jirani yake. Jirani anaweza kumtania Mchaga. Akiwa Mpare ana haki hiyo tangu zama za babu zake, na ana wajibu wake pia. Asiye Mpare naye anaweza, ikiwa amemjua Mchaga kwa jina na si kwa kabila, akamweka jukwaani kama mtu, na akajiweka mwenyewe mahali pa kujibiwa. Mchaga mwenyewe anaweza kukosea vibaya kuliko wote wawili, akiuza mzaha wa baba yake kwa watu wanaosubiri tu kuthibitishiwa walichokuwa wakikiamini.

Waandaaji wa maonyesho wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Mombasa wanao vijana wenye uwezo. Wawape saa nzima, warekodi kwa Kiswahili, wawalipe wa kuwasaidia kuandika na kuhariri. Nawe msomaji, mchekeshaji unayempenda akitangaza onyesho lake mwenyewe la saa nzima, nunua tiketi na ukae mpaka mwisho. Akikutania ukaumia, usiishie kunung'unika mezani. Mwambie. Kujibu ni haki yako, na yeye akiwa mtani wa kweli atakusikiliza.